Mwongozo kamili wa kumtunza kifaranga mgonjwa: joto kwanza, kisha maji, kisha chakula, ndipo dawa

Wafugaji wengi wa Mtwara na Lindi walioniuliza kwa nini vifaranga wao hufa wameshafanya jambo lile lile. Wameona kifaranga amejikunyata pembeni ya banda, macho ameyafumba na mbawa zimelegea. Wakaenda duka la dawa za mifugo, wakakoroga unga wa dawa ndani ya maji, wakamwekea, kisha wakamwacha palepale alipokuwa, juu ya sakafu ya saruji iliyopoa. Asubuhi wakamkuta amekufa, na lawama zikaiangukia dawa.

Kosa liko katika mpangilio. Kifaranga ambaye hajaota manyoya kamili hawezi kujitunzia joto la mwili. Akipoa hanywi wala hali, na hata akilishwa kwa nguvu tumbo lake halisagi chakula. Dawa iliyomo ndani ya maji asiyoyanywa haimfikii kabisa. Mwongozo huu unahusu vifaranga wa kuku, wa kienyeji na wa kisasa, tangu kuanguliwa hadi wiki 4, na unafuata mpangilio ambao haufai kupinduliwa.

## Vifaa vya kuandaa kabla

Viandae leo, wakati vifaranga wako bado wazima. Kifaranga aliyepoa huisha nguvu kwa saa chache tu, na muda huo si wa kuanza kutafuta chupa.

- Boksi la karatasi gumu au tenga lililozungushiwa kitambaa, lenye urefu wa kutosha ili upande mmoja uwe wa moto na mwingine uwe wa vuguvugu.
- Chupa 2 za plastiki za lita 1.5 zenye vifuniko visivyovuja, pamoja na vipande vya kitenge au khanga kuukuu vya kuzifunga.
- Kipimajoto cha kawaida. Kile cha homa hakifai, kwa sababu hakipimi joto la hewa.
- Bomba la sindano la mililita 1 au 2 lisilo na sindano, au kidonoshea matone.
- Maranda au pumba za mpunga zilizo kavu kabisa. Gazeti tupu huteleza, na kifaranga dhaifu akiteleza mara kwa mara miguu yake hupanuka na kuharibika.
- Sukari, chumvi, yai moja, na chakula cha vifaranga kutoka dukani.
- Mzani mdogo wa jikoni unaosoma gramu, ukiweza kuupata.
- Sabuni, dawa ya klorini ya kusafishia, daftari na kalamu.

Sijaorodhesha dawa yoyote ya kutibu. Dawa hununuliwa ugonjwa ukishajulikana, na hilo litakuja katika hatua ya 6.

## Hatua ya 1: Mtenge na umchunguze

Mtoe kifaranga kwa wenzake mara tu unapomwona amejitenga. Sababu ni mbili: magonjwa mengi ya vifaranga huenea kwa kinyesi kinachoingia katika maji na chakula, na kifaranga mnyonge hukanyagwa na wenzake na kudonolewa. Wakiwa wagonjwa wawili wenye dalili zinazofanana, waweke pamoja, maana kifaranga aliye peke yake hulia bila kukoma na kuzimaliza nguvu alizobakiwa nazo.

Mshike kwa kiganja chote bila kumbana kifuani, kwa kuwa ndege hupumua kwa kuupanua mwili mzima, na ukimbana unamziba pumzi. Mtazame kwa utaratibu huu, ukiandika kila unachokiona.

Anza na miguu. Ikiwa ya baridi kwenye ngozi ya mkono wako, amepoa. Ikiwa ngozi ya miguu imekunjamana na macho yamedidimia, amepungukiwa maji. Kisha tazama kitovu, ambacho kwa kifaranga mzima huwa kimefunga na kimekauka. Kitovu chenye unyevu, chekundu au chenye harufu mbaya, pamoja na tumbo lililojaa na kulegea, ni dalili ya uambukizo ulioingia kupitia kitovu. Tazama sehemu ya haja uone kama imezibwa na kinyesi. Mwisho papasa gole, yaani mfuko wa chakula ulio chini ya shingo, ujue kama ni tupu, laini au gumu.

Mpime uzito ukiwa na mzani. Kifaranga wa kienyeji aliyeanguliwa leo huwa na gramu 30 hivi, lakini tarakimu yenyewe si muhimu kama mwendo wake. Kifaranga anayepona huongezeka uzito siku baada ya siku, na mzani huonyesha anayeelekea kufa kabla jicho halijamtambua.

Onyo: nawa mikono kwa sabuni kila unapomaliza kumshika, na usiwaruhusu watoto wambusu au wamlaze kifuani. Bakteria wa salmonela wanaobebwa na vifaranga huwaharisha binadamu, na watoto wadogo ndio huumia zaidi.

## Hatua ya 2: Mrudishie joto

Hii ndiyo hatua inayopuuzwa kuliko zote katika mikoa yetu, kwa sababu sisi tunaoishi pwani tunaamini kwamba huku hakuna baridi. Kwa binadamu ni kweli. Kifaranga wa wiki ya kwanza, hata akiwa mzima, anahitaji nyuzi joto 32 hadi 35 za Selsiasi, na hakuna usiku wa Mtwara mjini wala wa Lindi unaofika huko. Wakati wa kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, upepo wa kusi unavuma na alfajiri huwa ya baridi hata ufukweni. Newala na sehemu nyingine za juu katika uwanda wa Makonde baridi ni kali zaidi.

Chemsha maji, yapooze kidogo ili chupa isijikunje, ijaze, ifunge vizuri, kisha izungushie kitenge mara mbili au tatu. Ilaze upande mmoja wa boksi. Mweke kifaranga karibu nayo juu ya maranda, halafu funika nusu ya boksi iliyo upande wa chupa kwa kitambaa chepesi, ukiacha nusu nyingine wazi ili hewa ipite. Kipimajoto kikae kwenye usawa wa mgongo wa kifaranga, upande wa chupa, na kisome kati ya nyuzi 33 na 35. Upande wa pili uwe wa nyuzi 28 hivi, ili akiona joto linamzidi aweze kusogea mwenyewe. Asiyeweza hata kusimama hawezi kusogea, hivyo mkague kila baada ya dakika 10.

Badilisha chupa kila inapoanza kupoa, kwa kawaida baada ya saa 2 au 3. Ndiyo sababu ya kuwa na chupa 2: moja inafanya kazi, nyingine inaandaliwa. Mwenye umeme anaweza kutumia balbu ya kizamani inayotoa joto, ikining'inia juu ya upande mmoja wa boksi, mbali na kitambaa na maranda, lakini chupa ziwepo karibu kwa ajili ya umeme kukatika usiku. Balbu nyeupe za kisasa zinazotumia umeme kidogo hazitoi joto la kutosha, ingawa mwanga wake ni mkali.

Onyo kubwa: usiweke jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa pamoja na vifaranga. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na ndege wadogo huathirika upesi. Mimi mwenyewe nilipoteza vifaranga 19 usiku mmoja wa Julai, nikiwa nimefunga madirisha yote ili joto lisitoke, na laiti ningelala chumba kile nisingekuwepo kuandika haya. Jiko likae nje, lichemshe maji tu.

Utajuaje kwamba umefanikiwa? Miguu ya kifaranga inakuwa ya vuguvugu mkononi, ananyoosha shingo, anafumbua macho, na ile sauti kali ya kulia inageuka kuwa mlio mdogo wa kutulia. Akiachama mdomo na kuhema huku amepanua mbawa, joto limezidi. Isogeze chupa mara moja. Kwa kifaranga aliyepoa sana kazi hii huchukua dakika 30 hadi saa nzima, na katika muda huo usimpe chochote mdomoni.

## Hatua ya 3: Mpe maji kwa matone

Sasa ndipo maji yanapoingia. Chukua maji safi yaliyochemshwa yakapoa hadi kuwa vuguvugu, lita 1, utie vijiko 3 vya chai vya sukari na robo kijiko cha chai cha chumvi, ukoroge hadi viyeyuke. Sukari humpa nguvu ya haraka, na chumvi hurudisha ile iliyopotea kwa kuharisha. Usizidishe chumvi kwa kudhani kwamba unamsaidia, kwa sababu figo za kifaranga haziwezi kuiondoa.

Hapa wakazi wa karibu na bahari wawe waangalifu mno. Maji ya baadhi ya visima vya ukanda wa pwani yana chumvi tayari, na aliyeyazoea haoni tena ladha yake. Ukiwa na shaka, tumia maji ya mvua au ya bomba. Wanaoishi juu ya uwanda wa Makonde, ambako maji ni ya kununua kwa ndoo, wasione uchungu kutenga lita 1 kwa kazi hii, maana inatosha vifaranga wengi kwa siku nzima. Mchanganyiko huu hutengenezwa upya kila siku, uliolala huchacha.

Namna ya kunywesha ndiyo inayoua wengi. Tundu la kuingizia hewa liko nyuma tu ya ulimi, na maji yakisukumwa kwa nguvu kuelekea kooni huingia mapafuni, kifaranga akafa kwa kuzama hali yuko mkononi mwako. Kwa hiyo usimfumbue mdomo kwa nguvu, wala usimwelekeze kichwa juu. Mshike wima, weka tone moja ubavuni mwa mdomo, pale mdomo wa juu unapokutana na wa chini, usubiri. Tone litapenya lenyewe, naye atameza kwa kuinua kichwa. Ameze kwanza ndipo utoe tone la pili.

Mpe matone 5 au 6, mpumzishe dakika 20 kwenye joto, kisha rudia. Baada ya saa 2 mara nyingi anaweza kunywa mwenyewe: chovya ncha ya mdomo wake, ncha tu bila kufikia matundu ya pua, katika kifuniko kifupi chenye maji. Weka vijiwe safi ndani ya kifuniko ili asilowe, kwa kuwa kifaranga aliyelowa hupoa upya na utalazimika kurudi hatua ya 2.

Mafanikio ni kinyesi. Akitoa kinyesi chenye unyevu kilichochanganyika na sehemu nyeupe, figo na utumbo vinafanya kazi. Mchanganyiko wa sukari na chumvi utumike siku 1 au 2 tu, halafu urudi kwenye maji ya kawaida.

## Hatua ya 4: Safisha sehemu ya haja iliyoziba

Kinyesi kilichoganda huizuia haja, na kifaranga hufa kwa kushindwa kujisaidia. Lowesha pamba kwa maji ya vuguvugu, ishikilie juu ya uchafu kwa dakika kadhaa hadi ulainike, kisha ufute taratibu. Usiuvute ukiwa mkavu, utaing'oa ngozi. Mkaushe kabisa, umpake mafuta kidogo ya kula, umrudishe kwenye joto. Usikichanganye kitovu na sehemu ya haja: kitovu kiko tumboni, na kigaga chake hakiguswi.

## Hatua ya 5: Chakula kidogo, mara nyingi

Kifaranga aliyeanguliwa karibuni bado ana akiba ya kiini cha yai tumboni mwake, inayoweza kumtunza kwa siku 2 hadi 3. Hivyo kukosa chakula kwa saa kadhaa hakumuui. Baridi na kiu ndivyo vinavyomuua. Subiri hadi awe na joto na awe amekunywa.

Ponda kiini cha yai lililochemshwa, uchanganye na chakula cha vifaranga na maji kidogo hadi kiwe laini, kisichonata. Tandaza kidogo juu ya kitambaa cheupe, ugonge kwa ncha ya kidole kama mtetea anavyodonoa akiwaita watoto. Vifaranga huufuata mdundo huo hata wakiwa wanyonge, na ni bora mara nyingi kuliko kulisha kwa nguvu. Rudia kila baada ya saa 2 mchana, na kilichobaki kitupwe baada ya saa 1, kwani kwa joto letu yai huharibika upesi.

Usimpe maziwa. Usimpe karanga zilizosagwa, kwa sababu hunata kooni. Pumba za mahindi peke yake hazimtoshi, maana kifaranga anahitaji chakula chenye protini ya asilimia 18 hadi 20. Dagaa husaidia, lakini waliokaushwa kwa chumvi waroweke na kumwaga maji mara mbili kabla ya kuwasaga. Mchwa ni chakula kizuri sana kwa anayepata nafuu, ila usiwachimbe katika shamba la mikorosho lililopuliziwa salfa au viuatilifu karibuni. Mahindi au mashudu yenye ukungu yasitumike hata kidogo: sumukuvu huharibu ini la kifaranga, na kuchemsha hakuiondoi.

Papasa gole jioni, likiwa limejaa na laini, kisha alfajiri, likiwa limeisha. Hapo chakula kinapita. Gole lililo gumu asubuhi linaonyesha kwamba hapati joto la kutosha au ameziba. Simamisha chakula, mpe maji ya vuguvugu, na ulikande taratibu kwa kidole.

## Hatua ya 6: Utambue ugonjwa kabla ya kununua dawa

Kuhara damu. Kifaranga mwenye wiki 3 hadi 6, aliyejikunyata, mwenye kinyesi chekundu au cha rangi ya kahawia, huenda ana koksidiosisi, ugonjwa wa utumbo unaoletwa na vimelea viitwavyo koksidia. Vimelea vyake hustawi katika matandiko yenye unyevu, na ndiyo maana kwetu huongezeka kati ya Desemba na Aprili, mvua zinaponyesha. Dawa yake ya kawaida ni amproliamu, inayotiwa katika maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Jambo moja ambalo wengi hawaelezwi dukani: dawa hii hufanya kazi kwa kuwanyima vimelea vitamini B1, kwa hiyo ukichanganya siku zilezile na unga wa vitamini wenye B1 unamlisha adui. Vitamini zisubiri hadi dozi iishe. Kifaranga wa siku 3 mwenye kinyesi chekundu si rahisi awe na koksidiosisi, kwa sababu vimelea huhitaji siku kadhaa kukomaa tumboni.

Kuhara kweupe katika wiki 2 au 3 za mwanzo, vifaranga wakifa mmoja baada ya mwingine na kinyesi cheupe kikiganda nyuma, kunaweza kuwa salmonela iliyotoka kwa mtetea kupitia yai. Kwa ugonjwa huu mwite afisa mifugo. Anayepona anaweza kubaki mbeba ugonjwa maisha yake yote, hivyo asitunzwe awe wa kutaga mayai ya kuangulia.

Uambukizo wa kitovu huua wengi katika wiki ya kwanza, na sitakupa tumaini lisilokuwepo: waliovimba tumbo mara nyingi hawaponi. Usafi wa kiota na mayai ndio utakaowaokoa watakaofuata.

Kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, huonekana kwa vifo vya ghafla vya kuku wa rika zote, kuhara kijani, kuhema kwa shida, shingo kupinda na miguu kupooza. Ni ugonjwa wa virusi na hauna dawa. Usiuze wala kumgawia mtu kuku waliobaki. Toa taarifa kwa afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo.

Vidole vilivyokunjamana kwa ndani, kifaranga akitembelea visigino huku akili yake iko macho, huonyesha upungufu wa vitamini B2. Hapa unga wa vitamini unafaa sana, na ukiwahi hupona.

Kuhusu kapsuli za antibiotiki za binadamu, zile za rangi mbili, ambazo watu huzifungua na kuzimwaga katika maji ya kuku: acha. Kipimo hakijulikani, hazigusi virusi wala koksidia, na huzalisha bakteria sugu katika nyumba unayolala wewe na wanao. Msubili nao, ambao wengi huukata na kuutia katika maji, una utomvu mchungu wa manjano unaoharisha. Kifaranga anayeharisha akipewa hupoteza maji zaidi, na uchungu humfanya asinywe.

Akifa kabla hujaujua ugonjwa, usimtupe jalalani. Mfunge katika mifuko 2 ya plastiki, mweke kwenye boksi lenye barafu bila kumgandisha, umfikishe ndani ya siku moja kwa afisa mifugo au katika kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania kilichopo Mtwara. Mzoga mmoja uliochunguzwa unaweza kuwaokoa 40 waliobaki. Mizoga isiyopelekwa ifukiwe kwa kina ambacho mbwa hawafikii.

## Hatua ya 7: Watazame waliobaki

Ondoa matandiko yote ya banda, osha vyombo kwa sabuni kwanza na klorini baadaye, kwa kuwa klorini ikikutana na kinyesi hupoteza nguvu. Klorini haiui vimelea vya koksidia. Kwa hao tegemeo ni ukavu na jua. Hudumia wazima kwanza na mgonjwa mwisho, usirudi kwa wazima kabla ya kunawa na kubadilisha viatu.

Waangalie usiku kwa tochi. Wakijirundika pamoja, wana baridi. Wakikimbilia kuta na kuhema, wana joto. Wakitawanyika na kulala kwa utulivu, banda liko sawa. Punguza joto kwa nyuzi 3 hivi kila wiki kadiri manyoya yanavyoota. Walio wazima wapate chanjo ya kideri ya I-2, tone moja jichoni, irudiwe kila baada ya miezi 3. Mgonjwa hachanjwi.

## Hatua ya 8: Kumrudisha kwa wenzake

Asirudi kwa sababu tu amesimama. Asubiri hadi ale na anywe mwenyewe kwa siku 3 mfululizo, kinyesi kiwe cha kawaida, na uzito wake uwe umepanda kila siku kati ya hizo. Aliyetibiwa koksidiosisi amalize dozi yote kwanza.

Siku moja kabla ya kumrudisha, punguza joto la boksi lilingane na la banda. Ikiwa wenzake wako na mtetea, mwingize chini ya mbawa zake usiku, giza likiwa limeingia, ili alfajiri impate akiwa na harufu na sauti ya wengine. Alfajiri hiyo uwepo bandani kabla hawajatoka, ukae nao nusu saa. Mtetea akimdonoa kichwani, mtoe mara moja, umlee katika boksi pamoja na kifaranga mwingine wa rika lake hadi wote wawili waote manyoya ya mgongoni.